Kingo za stika ya gari zinainuka: joto lilikuwa dogo au lilizidi?

#1 Dereva Mpole

Wakuu, habari za wakati huu. Gari langu lilibandikwa stika ya vinaili gari zima majuma matatu yaliyopita. Paa, boneti na milango vimetulia kana kwamba ni rangi ya kiwandani, lakini vioo vya pembeni vyote viwili pamoja na pembe za chini za bampa la mbele vimeanza kuinuka kingo. Ukipitisha ukucha pale chini ya kioo unasikia kabisa kile kimlio cha gundi inayoachia.

Nilimrudia fundi aliyebandika, akaniambia kwamba joto halikutosha wakati wa kumalizia. Nikampelekea fundi wa pili, akaikagua kwa dakika chache tu na kusema kinyume chake, kwamba joto lilizidi hadi stika ikavutwa kupita uwezo wake. Naomba kueleweshwa joto linafanya kazi gani hasa katika shughuli hii, na inawezekanaje kasoro moja ielezwe kwa sababu mbili zinazopingana. Natanguliza shukrani.

#2 Fundi Kibao

Mkuu, mafundi wako wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli, kwa sababu kila mmoja alikuwa anazungumzia joto la wakati tofauti. Joto la kubandikia ni dogo, linakusudiwa kulainisha vinaili ili ikubali kupinda kwenye kona, na ikishapinda unaiacha ipoe kabla ya kuikandamiza. Joto la kumalizia ni kubwa zaidi, nalo hupitishwa baada ya kukata na kukunja kingo zote, kwenye kila sehemu iliyovutwa, hadi uso wa stika ufike kati ya nyuzi 90 na 110 za Selsiasi.

Ukitaka kuelewa kwa nini, chukua kipande kilichobaki, kivute kwa mikono hadi kitoe makunyanzi, kisha kipulizie hewa ya moto kutoka mbali. Utaona makunyanzi yanajikunjua yenyewe na kipande kinajirudi karibu na umbo lake la mwanzo. Hiyo ndiyo tunayoiita kumbukumbu ya stika. Ukiibandika kioo cha pembeni kwa kuivuta na usiifikishe kwenye joto la kumalizia, kumbukumbu hiyo inabaki hai, na kila jua linapowaka stika inajaribu kurudi nyumbani kwake. Inaanzia kwenye kingo kwa kuwa huko ndiko gundi inashika eneo dogo zaidi.

#3 Jicho la Tai

Naongezea kwa Fundi Kibao kwamba nyuzi 110 hazitoshi. Mimi husoma maelekezo ya watengenezaji, na wanataka uso wa stika ufikishwe nyuzi 212. Chini ya hapo unajidanganya.

#4 Polepole

Jicho la Tai, jicho lako limeruka herufi moja tu, lakini herufi hiyo ndiyo yenye thamani ya gari zima. Nyuzi 212 ulizosoma ni za Farenhaiti, na kwa Selsiasi ni 100 kamili, yaani pale maji yanapochemka, ambayo iko katikati ya kiwango alichokitaja fundi. Ukiipa vinaili nyuzi 212 za Selsiasi hutakuwa unamalizia kazi bali unaichoma, na PVC, yaani plastiki inayotengenezea vinaili hii, ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni ambayo si ya kuvutwa pumzi na mtu yeyote.

#5 Jicho la Tai

Nimekubali kusahihishwa. Sasa nimeelewa kwa nini kipande changu cha majaribio kilitoboka.

#6 Mwanakemia

Nina pingamizi kidogo na lugha ya kumbukumbu, ingawa naikubali kama njia ya kufundishia. PVC yenyewe ni ngumu kama bomba la maji. Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani, alikuwa akitafuta gundi ya kuunganisha mpira na chuma, na badala ya gundi akapata namna ya kuifanya PVC iwe laini kwa kuichanganya na kimiminika kinachoingia kati ya minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu za plastiki hiyo, na kuiwezesha kuteleza. Vilainishi vya aina hiyo ndivyo vinavyofanya stika ya gari ikunjike leo. Unapoipasha joto, minyororo inateleza kwa urahisi zaidi, unapoivuta inanyooka, na ikipoa ikiwa imenyooka inabaki na mvutano ndani yake. Joto la kumalizia linaipa nafasi ya kujipanga upya palepale ilipo, na mvutano unapungua. Nasema unapungua, sisemi unafutika.

Pia tusisahau kuuliza ni vinaili ya namna gani. Ile ya kumiminwa hutengenezwa kwa kumwaga kimiminika juu ya karatasi na kukikausha kwenye tanuri, kwa hiyo haikuvutwa na mtu wala mashine wakati wa kuzaliwa. Ile ya rola hukandamizwa na kuvutwa kati ya rola za moto, na mvutano huo inazaliwa nao. Hii ya pili itasinyaa hata ukiipa joto la aina gani, hivyo inafaa sehemu bapa na haifai kabisa kioo cha pembeni. Dereva Mpole, je, unajua uliwekewa ipi?

#7 Dereva Mpole

Asante, Mwanakemia. Fundi aliniambia ni ya kumiminwa, na nilionyeshwa boksi lake. Ni nyembamba sana mkononi, na fundi alisema vinaili yenyewe bila gundi ni kama maikroni 50.

#8 Mzee wa Rola

Nimesoma yote na nimeshangaa kwamba tumefika ujumbe wa nane na hakuna aliyeuliza kama gari lilisafishwa. Vijana wa siku hizi mmekabidhiwa bunduki ya joto, hiyo ya kupulizia hewa ya moto, na mnadhani kila tatizo ni la joto. Mimi nimebandika stika kwa miaka mingi, na kingo nyingi zilizoniinukia ziliinuka kwa sababu ya nta na silikoni.

Nitawapa mfano mmoja. Kuna gari lililorudi kwangu mara tatu, vitasa vya milango vikiinuka kila mara, na kila mara niliongeza joto kama mlivyofundishana humu. Mara ya nne nikakaa na mwenyewe tukanywa maji, akanieleza kwamba kila juma anapaka dawa ya kung'arisha plastiki kwenye mpira unaozunguka kitasa. Dawa ile ilikuwa inatambaa chini ya ukingo. Nilisafisha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 70, nikafuta kwa kitambaa kikavu kabla haijakauka yenyewe, nikabandika bila kubadilisha joto hata kidogo, na kitasa hakikuniletea maneno tena.

#9 Fundi Kibao

Shikamoo mzee. Sikatai usafi, lakini uchafu hauchagui kona. Kama tatizo lingekuwa nta, milango nayo ingeleta shida, na Dereva Mpole anasema sehemu bapa zote zimetulia.

#10 Mzee wa Rola

Marahaba. Uchafu unachagua kona, fundi, tena sana. Milango inapanguswa kwa mkono mzima na kwa raha, ilhali chini ya kioo cha pembeni watu hupitisha kitambaa mara moja wakiwa wameinama na mgongo unawauma.

#11 Bi Mshale

Naomba nieleze jinsi ninavyobandika kioo cha pembeni, kwa kuwa hapo ndipo joto linapoonekana likifanya kazi zake zote mbili ndani ya dakika chache.

Nakata kipande kikubwa kuliko kioo kwa kiganja kizima kila upande. Tunakishika watu wawili, bunduki ya joto inapita juu yake kwa umbali wa shubiri moja bila kusimama mahali pamoja, hadi kinalegea na kuning'inia kidogo katikati. Hapo tunakivuta juu ya kioo kwa pembe zote nne kwa wakati mmoja, kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma, na mvuto unagawanyika eneo lote badala ya kukusanyika kwenye kona moja. Kisha tunasubiri. Kusubiri huku ndiko kunawashinda wengi. Stika ikiwa moto, gundi yake inanata kwa pupa, na ukiikandamiza wakati huo inashika pale ilipoangukia na kufungia hewa ndani. Ikipoa inakuwa ngumu kidogo na mtulivu, nami naanza katikati kwa kibao chenye kitambaa ukingoni, nikisukuma hewa kuelekea nje.

Nikifika chini, ambako kioo kinaingia ndani, sivuti tena. Nailisha stika mle ndani kwa kidole, kidogo kidogo, na kama haitoshi nabandika kipande cha pili mle bondeni na kuficha muungano chini. Kwa mkanda ule wenye uzi ndani unaokata vinaili bila wembe, muungano unanyooka na rangi ya gari haiguswi.

Kwa hiyo, Dereva Mpole, angalia rangi ya stika pale ilipoinuka. Kama imepauka kuliko sehemu nyingine ilivutwa mno, na hakuna joto la kumalizia litakaloiokoa.

#12 Polepole

Hatimaye tumepata uzi ndani ya uzi. Naona huu wa pili ndio pekee humu unaokata kitu.

#13 Kijana wa Boneti

Bi Mshale amegusa kidonda changu. Nilijifunzia kwenye gari la mjomba kwa tochi ya gesi, kwa kuwa niliona kwenye video fundi mmoja akiitumia kwa ustadi wa kuonea wivu. Stika ilikuwa ya rangi isiyong'aa. Nilikawia sekunde mbili tatu pale bampa linapopinda, na mahali pale pakang'aa kama paji la uso lenye jasho. Nilidhani patarudi pakipoa, lakini hapakurudi. Mjomba hakuniambia kitu, isipokuwa kila anapoegesha gari anahakikisha upande ule unatazama ukuta.

#14 Bi Mshale

Pole, kaka. Tochi ya gesi inapasha haraka eneo dogo, na ina ndimi za moto ambazo hazipaswi kuwa karibu na spiriti ya kusafishia. Anayeanza akae na bunduki ya joto. Uso usiong'aa una vipele vidogo visivyoonekana kwa jicho, na joto likizidi vipele hivyo hulala, ndiyo maana hapakurudi.

#15 Jicho la Tai

Nina swali la dhati safari hii. Mnajuaje kwamba mmefika nyuzi 100? Mimi nina kipimajoto cha kulenga kutoka mbali, na nimegundua kwamba stika nyeusi lazima isomwe tofauti na nyeupe, kwa kuwa nyeusi inameza joto.

#16 Mwanakemia

Sehemu moja ya kauli hiyo ni sahihi na nyingine si sahihi. Juani, nyeusi humeza mwanga zaidi na hupata moto zaidi, hilo halina ubishi. Lakini kipimajoto hicho hakipimi mwanga tunaouona. Kinapima mnururisho wa joto unaotoka kwenye uso wenyewe, na katika mnururisho huo vinaili nyeupe na nyeusi hutoa karibu sawa. Inayokudanganya ni stika ya kromu, kwa sababu uso wake ni kama kioo, kwa hiyo unajikuta unapima joto la dari au la uso wako mwenyewe. Bandika kipande kidogo cha mkanda wa karatasi usiong'aa juu ya kromu, kipashe pamoja nayo, kisha ulenge pale.

Angalia pia umbali. Kipimajoto husoma duara linalopanuka kadiri unavyorudi nyuma, na ukisimama mbali na ukingo wa sentimita moja, utakuwa unasoma ukingo pamoja na hewa ya jirani.

#17 Fundi Kibao

Nakubaliana na hilo la kromu. Naongeza kwamba joto lipimwe wakati bunduki imeondolewa tu, maana vinaili ni nyembamba na inapoa haraka, hasa juu ya chuma, ambacho hunyonya joto. Bampa la plastiki halinyonyi hivyo, linashikilia joto juu juu, na ndiyo maana mkono uliozoea milango huchoma bampa.

#18 Mwanakemia

Jana nilibandika vipande viwili vya stika moja kwenye sufuria kuukuu lenye mfereji, vyote nikivivuta kuingia bondeni. Kimoja nilikipa joto hadi kipimajoto kikasoma 100, kingine sikukipa chochote. Leo asubuhi kisichopewa joto kimeinuka na kutengeneza daraja juu ya mfereji, na kilichopewa joto bado kimelala chini.

Hata hivyo lazima niseme ukweli kuhusu matokeo yangu. Nilipokibandua kile kilichopewa joto, niliona gundi yake imeenea vizuri sana kwenye chuma, bila ile mifereji midogo ya kutolea hewa ambayo kile kingine bado kilikuwa nayo. Kwa hiyo sijui kama kilitulia kwa sababu mvutano ulipungua au kwa sababu gundi ilitiririka na kushika eneo kubwa zaidi. Inawezekana tumeisifu vinaili kwa kazi iliyofanywa na gundi.

#19 Mzee wa Rola

Sasa unazungumza lugha yangu. Gundi ndiyo inayoshika gari. Gundi ya aina hii huamshwa na mgandamizo na hufikia nguvu yake polepole, kwa saa 24 hadi 48, na ndiyo maana tunakataza gari kuoshwa siku za mwanzo. Joto linaiharakisha tu. Ukipewa siku mbili za hali ya hewa nzuri na uso safi, joto lako la kumalizia unaweza kuliweka kabatini.

#20 Fundi Kibao

Mzee, kipande cha Mwanakemia kisichopewa joto hakikusubiri siku mbili. Kiliondoka usiku uleule. Gundi yako itapata wapi muda wa kukomaa ikiwa stika imeshaondoka?

#21 Bi Mshale

Na mimi naona jaribio halijakamilika. Mwanakemia alivivuta vipande vyote kuingia bondeni. Angeweka cha tatu kilicholishwa kwa kidole bila kuvutwa, nacho kisipewe joto. Nina hakika hicho kingekaa bila kubembelezwa.

#22 Mwanakemia

Ni haki. Nitakiweka, ingawa mwenye sufuria ameanza kuuliza maswali.

#23 Msomaji Kimya

Huwa nasoma tu, ila leo nina la kuuliza. Dereva Mpole, bampa hilo liliwahi kupakwa rangi upya? Nilikuwa na tatizo kama lako, na chanzo kilikuwa rangi mbichi. Rangi ya gereji iliyokaushwa hewani huendelea kutoa mvuke wa kiyeyushi kwa wiki kadhaa, na wengi hushauri kusubiri karibu mwezi mzima kabla ya kuifunika. Mvuke ukifungiwa chini ya stika huleta viputo na kudhoofisha gundi, na bunduki ya joto inauongeza badala ya kuutibu. Kwangu mimi, stika ilipobanduliwa iliondoka na rangi.

#24 Dereva Mpole

Nimeshtuka kusoma hili. Bampa lilipakwa rangi siku kumi kabla ya stika, baada ya kugongwa kidogo, na sikuona haja ya kulitaja. Vioo vya pembeni, hata hivyo, vina rangi ya kiwandani. Nimeangalia rangi kama alivyoelekeza Bi Mshale, na kioo cha kushoto kimepauka kidogo chini, lakini cha kulia hakijapauka na kimeinuka vilevile.

#25 Jicho la Tai

Kwa hiyo bampa ni rangi mbichi, kioo cha kushoto ni kuvutwa, na kioo cha kulia ni nta ya mzee. Kila mtu ameshinda.

#26 Mzee wa Rola

Sehemu ya chini ya kioo cha kulia huwa plastiki nyeusi isiyopakwa rangi kwenye magari mengi. Stika yako ilikunjwa hadi kuifikia? Plastiki ya namna ile, hasa polipropilini, haishikwi vizuri na gundi yoyote ya kawaida, iwe safi au chafu, ya moto au ya baridi. Ukingo ukatwe uishie kwenye rangi.

#27 Dereva Mpole

Imekunjwa juu yake, mzee, lakini ni pande zote mbili.

#28 Kijana wa Boneti

Kabla hujaamua chochote, ukibandua usikimbilie joto la kumalizia. Kubandua kunataka uvuguvugu tu, kama nyuzi 50 au 60, uvute taratibu huku stika ikilala karibu na uso wa gari. Ikiwa baridi inakatika vipande vipande, na ikiwa moto mno gundi inabaki kwenye gari. Hili nalo nilijifunza kwenye gari la mjomba.

#29 Dereva Mpole

Narudi na habari, wakuu. Bampa limebanduliwa, na rangi imebaki isipokuwa doa dogo kwenye pembe. Halitabandikwa tena hadi rangi ikomae. Kioo cha kushoto kimebandikwa upya kwa njia ya Bi Mshale, ukingo umeishia kwenye rangi kama alivyosema mzee, na fundi alipima 97 kabla ya kuzima bunduki. Cha kulia nilimwomba asikiguse ili tulinganishe. Siku sita zimepita na cha kushoto kimetulia. Cha kulia kilikuwa kimeinuka milimita nne nilipokipima mara ya kwanza, na leo nimekipima kwa rula, bado ni nne.

#30 Fundi Kibao

Subiri jua.

#31 Mzee wa Rola

Kisafishe kwanza, kisha usubiri.

#32 Mwanakemia

Kipande cha tatu cha Bi Mshale kimekaa siku nne bila joto wala kuinuka. Lakini sufuria limehamishiwa mahali pa baridi bila idhini yangu, kwa hiyo nalazimika kuanza upya.